Kutupa Bila Kuinuka

Mwaka wa arobaini na sita, katika mpira wa gongo wa wanawake pale Tononoka, ule wa kupiga na kukimbia vituo, mie ndiye niliyekuwa nikidaka nyuma ya mpigaji. Mwikali, mke wa karani wa reli, aliniibia vituo apendavyo, akikimbilia cha mbele kabla mpira haujapigwa. Kila nikisimama na kuvuta mkono nitupe, keshafika, anakung'uta vumbi na kunichekea. Kefule!

Jumamosi nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, paka akanyakua samaki wangu, changu mzima. Nikamtwanga kwa kifuu papo hapo, bila kuinuka, mkono haukupita sikio.

Jumapili, mchezoni, Mwikali akachomoka kituoni. Nikatupa vivyo hivyo, nimechuchumaa. Alipofika, mpira ulikuwa ukimngoja mkononi mwa Sheikha, mlinzi wa kituo.

"Umeutupa saa ngapi?" akafoka.

"Kamuulize paka wetu."