Kizibo cha Jani la Mgomba

Pikapu ya Rwezaura ilikuwa mlevi. Ndivyo watu wa Nyaishozi walivyosema, na hawakuisingizia. Petroli ambayo gari la mwingine lingeendea Bukoba, lake liliimaliza kwa kuzungukia wakulima wa kahawa palepale Karagwe. Mwenyewe alikuwa Mhaya wa Muleba, mwenye duka la chumvi, sabuni na viberiti, mtu asiyependa kushindwa. Na chuma kile kilikuwa kimemshinda.

Hakuna alichoacha kujaribu. Alijaza matairi upepo mpaka yakawa magumu kama mawe. Alisafisha plagi, akalegeza breki zilizokuwa zikikamata, akapunguza mizigo. Penye mteremko alizima injini na kuliacha gari liserereke lenyewe, abiria wakishikilia rozari zao. Wapi! Kila akitoka safari, akichovya kijiti tangini, kilirudi kikavu pale alipotarajia kikute petroli. Akaanza kuwashuku majirani, hata wale waliomkopesha jembe.

Siku moja jirani yake Cassian, aliyewahi kuendesha malori ya jeshi wakati wa vita, alipita na baiskeli akasimama kulinusa gari.

"Bwana Rwezaura, hili halinywi. Hili linatapika. Tangi lina kifuniko?"

"Lina," alijibu Rwezaura.

Cassian akaamini, akapanda baiskeli yake akaenda. Na Rwezaura hakusema uongo, kwa jinsi alivyoona yeye. Kifuniko cha bati kilikuwa kimedondoka zamani kwenye njia ya Ihembe, naye akafanya kama angefanya mtu yeyote aliyelelewa katika nyumba yenye vibuyu vya lubisi, pombe ya ndizi: alichuma jani bichi la mgomba, akalipitisha motoni lilainike, akalisokota, akaziba. Pombe hufungwa hivyo tangu enzi za mababu na haimwagiki. Petroli ni nani hata imwagike?

Basi mambo yangeishia kwenye kicheko, kama si mimba ya Adelgunda. Mke huyu wa Rwezaura alikuwa amejifungua mara mbili, na mara zote mbili kaburi dogo lilichimbwa nyuma ya migomba. Mara ya pili nusura na yeye mwenyewe afuate. Wauguzi wa hospitali ya misheni, Nyakahanga, walikuwa wamemwonya: safari hii usizalie nyumbani. Rwezaura akaapa kwamba siku ikifika atampeleka kwa gari lake. Kisha masika yakaja, daraja la njia ya Bukoba likaenda na maji, na malori ya petroli yakakoma kuonekana. Iliyobaki ni ile iliyokuwa tangini. Akaliegesha gari, akakataa kuliwasha hata kwa mgonjwa wa homa, na watu wakamnunia.

Uchungu ulimshika Adelgunda asubuhi, jua likiwa bado changa.

Mama yake, Kemirembe, alikuwa amekwisha kuja kutoka Ihembe kumsaidia, akilala nyumba ya jirani, kwa maana mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja. Wala hawatazamani usoni, wala hawasemezani ila kwa kupitia mtu wa tatu. Kugusana ndio usiseme kabisa. Rwezaura alikuwa mkwe wa kupigiwa mfano. Kila mwezi alimpelekea mama huyo tumbaku na viberiti kwa mkono wa mkewe, na tangu harusi hakuwa amemwona zaidi ya ncha za vidole vya miguu.

Akatandaza nyasi nyuma ya pikapu kama zinavyotandazwa sebuleni, juu yake mkeka, akamlaza mkewe. Kemirembe akapanda akiwa amejitanda kanga mpaka usoni, akaketi mbele kabisa, amekipakata kichwa cha binti yake, mgongo wake ukiegemea kibanda cha dereva. Pale ubavuni pake ndipo mdomo wa tangi ulipotokeza. Rwezaura hakupatazama. Alipoingia kwenye usukani alikigeuza kioo cha nyuma kielekee juu, asije akamvunjia mkwe heshima.

Wakaondoka. Njia ilikuwa tope na makorongo. Kila mlima alioupanda alihisi petroli ikipungua kana kwamba inafyonzwa mwilini mwake, na kila Adelgunda alipolia kule nyuma alikanyaga mafuta, kisha akauinua mguu.

"Mume wangu," Adelgunda aliita kupitia kidirisha, "harufu hii inanipanda kichwani."

"Ni harufu ya gari, mke wangu. Vumilia."

Mteremko ulipokuja, alizima injini. Gari likashuka kimyakimya likiongeza mwendo, breki zikilia, naye akimwomba Bikira Maria kwa sauti. Hakuogopa kufa yeye. Aliogopa kaburi la tatu.

Katika mlima uliofuata, karibu kabisa na kilele, injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Rwezaura akavuta breki ya mkono, akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Akachukua kijiti chake. Sasa ilimbidi aende kule nyuma, kwenye tangi, alikoketi mama mkwe. Akakohoa kumjulisha. Akasikia kanga ikivutwa. Akasogea ameinamisha kichwa, macho ardhini, kama inavyompasa mkwe mwenye adabu.

Na kwa kuwa macho yalikuwa ardhini, ndipo alipoona. Tone lilianguka kutoka kwenye maungio ya mbao za gari. Likafuata jingine. Chini yake, dimbwi la maji ya mvua lilikuwa limetanda rangi za upinde wa mvua.

Akapandisha macho polepole. Ubao ulikuwa umelowa. Nyasi zilikuwa zimelowa. Pindo la kanga ya Adelgunda lilikuwa limelowa. Na pale kwenye mdomo wa tangi, jani la mgomba alilozoea kulichomoa na kulirudisha bila kulitazama lilikuwa limekauka, limesinyaa, limekuwa la kahawia, linacheza kama jino la mtoto. Kumbe kila mlima tangi lilikuwa likitapika, wala hapakuwa na mwizi. Miezi yote ile amewachukia watu bure.

Hakupata nafasi ya kuona haya. Chini ya kanga ya Kemirembe kulikuwa na mlio mdogo anaoujua kila mwenye duka: njiti zikitikiswa ndani ya kiberiti. Bibi alikuwa amevumilia njia nzima kwa ajili ya upepo na mitikisiko. Sasa gari limesimama. Ncha ya kiko ilikuwa imetokeza kwenye kanga.

Rwezaura akafungua mdomo amwambie mkewe amwambie mama yake. Adelgunda alikuwa amefumba macho, ameuma kanga kwa uchungu, hasikii la mtu. Hofu aliyokuwa nayo njiani ilikuwa mchezo. Njiti ikakwaruza. Ilikuwa na unyevu, haikuwaka. Akasikia inachukuliwa nyingine.

Akaruka. Akaipokonya kanga kutoka kichwani mwa mama mkwe wake, akamshika mkono, akamnyang'anya kiberiti, akachomoa kiko mdomoni mwake, akavitupa vyote bondeni.

Kemirembe alimtazama, kichwa wazi, mvi zake nje, na Rwezaura akaona kwa mara ya kwanza kwamba Adelgunda amechukua macho ya mama yake.

"Petroli," alisema akihema. "Mama, nyasi zote ni petroli."

Kemirembe akashika nyasi, akanusa vidole. Kisha akaanza kuzizoa na kuzitupa nje kwa mikono miwili, naye Rwezaura akazoa upande wa pili. Wakamsogeza Adelgunda, wakambadilisha kanga. Ndipo Kemirembe akafungua fungu la vitu vya mtoto, akatoa kipande cha sabuni ya mche.

"Ziba na hii," alisema. Alimwambia yeye, uso kwa uso.

Rwezaura akaiponda sabuni, akaisokotea kwenye kitambaa, akasindilia mdomo wa tangi. Kabla ya kuziba alikuwa amechovya kijiti, kikarudi kimelowa kwenye ncha tu. Wakapumzisha injini, ikawaka kwa shida. Wakavuka kilele. Mteremko wote akashuka injini imezimwa, akaiwasha kwenye kupanda, akaizima tena, huku akisikiliza vilio vya mkewe vikizidi kukaribiana. Paa za hospitali zilipoonekana, katika mwinuko mdogo wa mwisho, tone la mwisho likaisha.

Akashuka, mkono mmoja kwenye usukani, bega kwenye nguzo ya mlango. Akasukuma. Gari halikutikisika. Akasukuma huku akilia waziwazi, mwanaume mzima. Ndipo bega jingine likaja kando ya bega lake, bega kavu la kizee, likamgandamiza. Gari likasogea. Watu waliokuwa wakipalilia kahawa wakaona mtu na mama mkwe wake wamebanana wakisukuma chuma, wakashika midomo. Halafu wakaacha majembe, wakaja mbio.

Adelgunda akaingizwa ndani, Kemirembe nyuma yake, na mlango ukafungwa.

Rwezaura akabaki nje, mikono inanuka petroli na sabuni. Alisikiliza. Vilio vilipanda, vikakatika. Hakusikia mtoto. Alijua kimya kile. Alikuwa amekisikia mara mbili.

Mlango ukafunguliwa, akatoka muuguzi mmoja jina lake Stephania, amekunja uso kama mtu aliyetumwa neno asilolielewa.

"Wewe ndiye mwenye gari?"

Rwezaura akaitikia kwa kichwa.

"Bibi mmoja huko ndani, amejifunika kanga mpaka puani, anasema hawezi kukusemesha ila kwa mtu wa tatu, basi nikuambie mimi. Kiko ulichotupa kilikuwa cha marehemu mama yake. Anataka kingine. Na mbuzi, kwa kumvua kanga. Na lubisi."

Rwezaura akaketi chini, palepale kwenye tope, akaangua kilio. Bibi aliyefiwa na binti au mjukuu hadai kiko.