Ngozi ya Kubebea Mtoto

Tumbo la Pelagia lilipoanza kumtangulia, Kitahana nzima ilikuwa na la kusema. Wanawake wa kwaya waliyatazama mashavu yake wakacheka: "Mumeo Claude anakulisha, dada!" Hakuna aliyekumbuka kwamba mwaka jana huyu huyu alisaidiwa hata kufunga kitenge, vidole vimevimba kama ndizi. Daktari wa Kasulu alisema ni baridi yabisi, akamwandikia prednisoloni, vidonge vidogo vya kumeza kila asubuhi baada ya kula. Vidonge vilimrudishia mikono. Vikampa pia uso wa mviringo, tumbo, na siku za mwezi zisizoonekana.

Hilo la mwisho ndilo lililomchanganya. Alipimwa mkojo, hakuna mimba. Daktari akamwambia watulize ugonjwa kwanza, wapunguze dozi polepole, ndipo wazungumze habari za mtoto. Pelagia akaitikia vizuri tu. Lakini njia nzima ya kurudi Kitahana mkono wake ulikuwa tumboni. Alimtamani mtoto yule asiyekuwepo hadi akawa anamwona uani, amekaa chini, anakula udongo.

Basi siku mama mkwe wake Pascasie alipokuja kuwasalimu, akaweka kiganja juu ya tumbo lile na kusema, "Yoo, mwanangu! Imana, Mungu wetu, ametukumbuka," Pelagia alifungua mdomo, akaufunga. Wewe ungeweza?

Pascasie akafungua furushi lake. Ndani mlikuwa na ingobyi, ngozi ya kondoo iliyolainishwa kwa mawese, aliyombebea Claude mgongoni siku walipokimbia Burundi. Akaitundika ukutani. Kisha akaviona vidonge mezani.

"Mjamzito na madawa makali, wapi na wapi?"

Akavibeba vyote, akavitumbukiza chooni. Pelagia alimtazama akienda, akanyamaza. Ulikuwa ujinga, na alijua. Daktari alimwonya kwamba dawa ile haiachwi ghafla, mwili ukishaizoea. Lakini alikuwa anapikiwa uji wa ulezi, anakatazwa kubeba ndoo, na Claude anamchekea mbele za watu. Alitaka iendelee kidogo tu.

Haikuendelea. Viungo vilianza kuuma upya, nguvu zikamwisha, akaanza kutapika. Pascasie aliposikia anatapika alipiga vigelegele, maskini, hata jirani akaja kumpongeza. Asubuhi iliyofuata Pelagia alianguka mlangoni akielekea uani, na Claude akatafuta gari la kumpeleka hospitali.

Walimtundikia dripu. Muuguzi akauliza dawa ameacha lini, na ameachishwa na nani. Pascasie aliyekuwa amekaa miguuni pa kitanda akajibu haraka, "Mimi. Ana mimba."

"Mawe," Pelagia akasema, kama Claude anavyomwita mama yake. "Hakuna mtoto."

"Ametoka?"

"Hakuwepo. Tumbo ni la dawa. Nilijua, sikukwambia."

Pascasie alimtazama sana. Akasimama, akajifunga kitenge upya, akatoka bila kuaga. Pelagia akageukia ukuta. Moyoni alishamwona anaitungua ile ngozi, anampelekea mkamwana mwingine.

Kesho yake, ukungu haujapanda, Pascasie alirudi na chupa ya uji na furushi lake. Alimnywesha uji hadi ukaisha, akachukua kidonge alichoacha muuguzi, akamwekea kiganjani, akasubiri mpaka ameze.

"Fungua mdomo nione."

Pelagia akafungua. Mama mkwe akaridhika, akafungua furushi. Akakunjua ile ngozi, akamfunika nayo mabegani na kumfunga kifuani, kwa fundo lile lile la kufungia mtoto.

"Kuna baridi," akasema. "Na hii haiwezi kukaa ukutani bila mtu. Kwanza wewe. Mtoto akija atakukuta nayo."

Ngozi ilikuwa inanukia mawese. Pelagia akaivuta hadi shingoni, akamlilia yule mtoto wa uani.