Barabara Iliyoliwa

Siku wakazi wa mtaa ule waliposikia kwamba malori ya mradi wa nyumba mpya yatapita milangoni kwao, walikasirika mpaka ungedhani wameporwa urithi. Uwanja uliokuwa mwisho wa mtaa ulikuwa umekatwa viwanja, nyumba zingejengwa nyingi, na njia ya kuingilia huko ilikuwa moja tu, hii yao. Wakakutana barazani kwa mwenyekiti. Kila aliyesimama alirudia neno lile lile: barabara ni nyembamba, lori likiingia humu watoto watasagwa.

Mwanamke waliyemwita Dobi alikaa nyuma, mikono ikimnukia sabuni, akiwasikiliza kwa karaha. Barabara ilikuwa nyembamba, ndiyo. Nani aliyeifanya nyembamba? Baraza lile walilolikalia lilikuwa limejengwa juu ya barabara. Mwenye gereji alikuwa amesogeza ukuta wake, mwenye kioski akaona mwenzake hakuulizwa, naye akasogea. Mwingine akachimba choo pale pale ambapo zamani magari yalipishana. Hata dada yake Dobi, tena wa tumbo moja, alikuwa ameongeza stoo ya duka lake mpaka ukingoni mwa mtaro. Nyani haoni kundule. Watu waliila barabara kidogo kidogo, wakapangusa midomo, na sasa walikuwa wanashangaa imekonda.

Na kwa kuwa walikuwa wameuzoea wizi wao hata wakausahau, walifanya kosa ambalo mwizi wa kawaida hawezi kulifanya. Walimwita wenyewe mpima ardhi wa halmashauri aje athibitishe wembamba.

Mpimaji alikuja, mtu mpole, viatu vimejaa vumbi, akaanza kutafuta mawe ya mpaka. Moja alilikuta ndani ya jiko la mtu. La pili lilikuwa chini ya kioski. La tatu lilikuwa katikati ya baraza la mwenyekiti, limefunikwa na mkeka.

"Barabara yenu ni pana," alisema. "Mmeikalia. Kila kilichozidi kitavunjwa, isipokuwa chumba anacholala mtu. Hicho sina ruhusa ya kukigusa. Nikikuta hata kimoja, itabidi njia ipitishwe kwingine."

"Uani kwa Dobi kuna nafasi," mwenyekiti alisema papo hapo, kwa macho makavu.

Uani kwa Dobi kulikuwa na nafasi kwa sababu Dobi hakuwa mwizi. Pale ndipo alipoanika mashuka ya nyumba za wageni na makoti meupe ya hospitali. Malori yakipita hapo, vumbi litakaa juu ya kila shuka, na hakuna mgeni anayelalia shuka la vumbi. Kazi ingekwisha, na hakuwa na nyingine.

"Kwani si kamba za nguo tu?" mwenye gereji alisema. "Mwenzetu utalipwa fidia."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Dobi alimtazama dada yake amtetee. Dada alikuwa anakagua kucha zake.

Siku ya mpimaji kurudi, mtaa mzima ulikuwa umegeuka wodi. Mwenye kioski alikuwa ametandika godoro juu ya kreti za soda. Mwenyekiti alikuwa amezungushia baraza turubai, ndani yake shemeji yake anakoroma mchana kweupe, viatu vikiwa miguuni. Mpimaji alifunua turubai, akamtazama mgonjwa huyo, akalifunika tena na kuandika katika orodha ya vya kuvunjwa: baraza. Dobi alimfuata nyuma. Yale aliyoyaona yalimkirihi, ila kila kalamu ilipoandika, alipata nafuu.

Wakafika kwa dada. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Ndani, kati ya magunia ya vitunguu na madumu ya mafuta ya taa, mama yao mzazi alikuwa amelala kitandani, miguu yake iliyovimba imefunikwa kwa gunia.

"Shikamoo, bibi," mpimaji alisema, akashusha kalamu.

"Marahaba, mwanangu."

Dobi alimgeukia dada yake. "Hata wewe? Hata mama?" Kisha akamwambia mpimaji, "Mama ana chumba chake ndani, chenye dirisha. Huku ameletwa asubuhi hii. Mama, mwambie."

Mama alimtazama Dobi. "Niko humu tangu mvua zilipoanza," alisema. "Kule ndani wanakaa wapangaji."

Dobi alitazama ukutani. Usawa wa mto palikuwa na doa jeusi la mafuta ya nywele, doa ambalo haliji kwa asubuhi moja. Kila wiki alikuwa akifua nguo za mama, kila wiki akisugua harufu ya mafuta ya taa, na dada alimwambia ni jiko linavuja. Yeye, ambaye kazi yake ni kujua doa limetoka wapi, aliamini. Alipokuja kumsalimia mama alimkuta sebuleni, ameogeshwa, amepakwa mafuta, na hakuwahi kuuliza analala wapi. Alimwonea kinyaa dada yake, kisha akajionea kinyaa mwenyewe.

"Basi ni chumba cha mtu," mpimaji alisema kwa upole. "Siwezi kukivunja."

Nje, mwenyekiti aliachia pumzi na mtu mmoja akapiga makofi.

"Umesikia," dada alisema. "Mama ametuokoa mtaa mzima. Usilete maneno, mdogo wangu. Wewe utapata fidia yako, na mama atabaki na chumba chake."

Chumba chake. Dobi aliingia ndani ya stoo. Akachuchumaa kando ya kitanda.

"Mama, nishike shingoni."

"Tunaenda wapi?"

"Kwangu."

"Kwako kuna chumba kimoja."

"Tutabanana."

Akainuka naye mgongoni. Mama alikuwa mwepesi kuliko beseni la mashuka mabichi, na wepesi ule ulimtia hasira kuliko yote aliyoyasikia. Dada akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mimi nimemtumia mama kulinda stoo. Wewe unamtumia kulinda kamba zako. Tofauti yetu ni nini?"

Watu walisogea wasikie jibu. Dobi alikuwa na haki na alikuwa na faida, na vyote viwili vilikuwa mgongoni mwake.

"Mama," alisema, "nikushushe?"

Mama alikaza mikono shingoni mwa bintiye, akaikaza mpaka Dobi akavuta pumzi kwa shida.

Dada alipisha. Mpimaji alichungulia kitanda kitupu, akaandika: stoo.