Redio Zisizo na Wenyewe

Mali isiyo na mwenyewe! Ndivyo karani wa halmashauri alivyoiita redio kaseti ya marehemu baba yangu, huku mjane wake amesimama mbele ya dirisha lake, kapanda ngazi zote zile na miguu yake inayovimba.

"Risiti niipate wapi, mwanangu?" mama alimuuliza. "Fundi hakuwa anatoa risiti. Mji mzima unajua."

Na kweli mji mzima ulijua. Fundi redio wa mtaa wetu hakuwa na habari na karatasi. Ukimpelekea redio, aling'oa kitufe cha kuzungushia sauti, akakutilia mkononi. "Nenda nacho, usikipoteze," alisema. Siku ya kuchukua ulirudi na kitufe chako. Kikiingia mahali pake, unakabidhiwa redio yako. Hakuna aliyewahi kuibiwa hata betri.

Baba aliipeleka redio yetu ikiwa imemeza kanda. Kwenye kanda hiyo kulikuwa na sauti yake, akijirekodi kwa mzaha sebuleni. Kabla hajaifuata, akafariki, na msiba haujatutoka, fundi naye akaaga dunia. Halmashauri ikaja na lori, ikazoa kila kilichokuwemo kibandani. Mama hana sauti nyingine ya baba popote. Picha anazo, lakini picha haimwiti mtu.

"Tangazo tulitoa," alisema karani. "Limekaa miezi mitatu."

"Mlilitoa wapi?" nikauliza.

"Tulilibandika mlangoni kwa fundi."

"Na huo mlango uko wapi?"

Akageuka kutazama stoo nyuma yake. Mlango ulikuwa humo humo, umebebwa kwenye lori pamoja na redio, umeegemezwa, tangazo limeangalia ukuta. Nani alilisoma, mende?

"Halafu zote ni mbovu," akaongeza bila hata kuona haya. "Kila redio imepungukiwa na kitufe. Kesho asubuhi wanakuja watu wa vyuma chakavu."

Mama akafungua mkoba, akatoa kitufe chetu, akakiweka dirishani. Karani hakukigusa.

"Hiki siyo risiti, mama. Rudi na risiti."

Nilitaka kumrukia kwa kupitia dirisha lile lile. Mama akanivuta mkono, tukashuka. Lakini jioni ile nilipita nyumba kwa nyumba, nikigonga milango kama mdai. Kinyozi alikitoa kitufe chake kwenye kopo la nyembe. Mkunga alimnyang'anya mjukuu wake aliyekuwa anakichezea. Mwalimu mstaafu aliapa kwamba chake kilishapotea, mpaka mkewe alipokikuta kwenye mfuko wa koti la harusi.

Asubuhi tulijaa pale stoo, kila mtu na kitufe chake mkononi, na lori la vyuma chakavu linaunguruma chini uani. Karani akatanua mikono mlangoni.

"Jamani, kuna utaratibu! Bila risiti haingii mtu!"

Mama, kwa ufupi wake, akapita chini ya kwapa la karani. Redio yetu aliikuta rafu ya chini. Akaipangusa vumbi kwa kiganja, akasukuma kitufe, kikaingia barabara. Kisha akachomoa birika la chai la karani kwenye soketi, akachomeka redio, akabonyeza. Hatukujua kama fundi aliwahi kuitengeneza.

Ilikoroma kidogo, halafu baba akakohoa.

"Halo, halo. Hii inaingia kweli? Mama watoto, usinichekeshe bwana. Haya. Leo nimetoka halmashauri tena. Wameniambia nirudi kesho. Mwaka mzima ni kesho, kesho! Hivi hawa watu wana wazazi kweli?"

Watu waliangua kicheko, kisha wakanyamaza, maana mama alikuwa analia. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, mkono juu ya redio.

Karani aliinama karibu naye. Sasa alikuwa mpole.

"Mama, chukua tu redio yako. Ila nakuomba, punguza sauti. Bosi yuko hapo juu."

Mama alikishika kitufe, machozi yakimtiririka, akakizungusha mpaka mwisho.