Jiwe la Mkunga

Gari la dada yangu lina miaka ishirini na sita, na kwa muda mrefu breki yake ya mkono ilikuwa jiwe. Dada ni mkunga, na wengi anaowahudumia wanakaa mlimani. Kila akisimama alitia gia, akashuka mbio, akasukuma jiwe nyuma ya gurudumu, ndipo akachukua mkoba. Watoto walimwita Mama Jiwe.

Jumatatu mkaguzi wa magari alimnyima cheti kwa sababu ya breki hiyo, akampa hadi Ijumaa aitengeneze. Bila cheti, dada angerudi kupanda mlima kwa miguu, na goti lake lile bovu. Shemeji alitaka gari liuzwe chuma chakavu, kwani fundi wa njia panda alishaikaza breki hiyo mara tatu na bado haikushika. Mimi ni mshona viti vya magari. Mengine nimejifunza kwa kufungua na kufunga. Niliomba siku moja.

Nati ya kukazia kebo, chini ya mpini wa breki, ilikuwa imekazwa hadi mwisho. Nikaingia uvunguni, shemeji akavuta mpini. Kebo zilisogea vizuri, kulia na kushoto. Basi kosa halikuwa huko. Nilipofungua ngoma za magurudumu ya nyuma nilikuta viatu vya breki bado vinene, ila vimekaa mbali na ngoma. Kati ya viatu vya kila gurudumu pana skrubu yenye meno, ambayo hujizungusha kidogo kila mpini unapovutwa, ivisogeze kadiri vinavyolika. Skrubu zote mbili zilikuwa zimeganda kwa kutu.

Nikamuuliza dada mara ya mwisho aliivuta lini.

"Niivute ya nini, na haishiki?"

Shemeji akacheka. "Kumbe jiwe lako ndilo lililoua breki."

"Na aliyeniletea jiwe ni nani, mume wangu?"

Shemeji akaenda kutafuta grisi.

Nililegeza kebo kwanza, jambo ambalo fundi hakulifanya. Nikasugua kutu, nikapaka grisi, nikazungusha skrubu jino kwa jino mpaka viatu vikaanza kuigusa ngoma. Kebo nikaikaza baada ya hayo yote. Mpini uliokuwa ukipanda hadi usawa wa kiwiko sasa ulishika katikati.

Ijumaa mkaguzi alimpandisha dada kwenye mteremko nyuma ya ofisi, akamwambia avute mpini, atoe gia, aondoe mguu. Mimi nilikuwa kando, nimelikumbatia jiwe kama mtoto. Gari halikwenda popote. Mkaguzi akalisukuma kwa bega, mara mbili, akapangusa koti lake, akagonga muhuri.

Kesho yake tuliitwa kwenye nyumba ya juu kabisa mlimani. Mume wa mama aliyekuwa akijifungua alituona, akatoka mbio na jiwe mikononi, kama walivyozoea wote kule. Dada alivuta mpini, akashuka taratibu na mkoba wake, akampita.

"Liweke chini, baba," alisema. "Wewe nionyeshe chumba tu."