Mbao Ninazikagua Mimi

Kwenye karatasi niliandika kwa Kiingereza kwamba ninamsaidia bosi wangu, Pak Sugeng, katika masuala ya ukaguzi wa mbao. Wifi yangu Endah, aliyewahi kufanya kazi kwenye mapokezi ya hoteli kule Semarang, aliisoma akaiweka kando ya sahani ya tempe, vipande vya soya vya kukaanga.

Alhamisi mnunuzi kutoka ng'ambo angekuja karakana yetu ya samani mjini Jepara kuchagua msimamizi wa ubora wa samani zake. Kila mkaguzi angejieleza kwa Kiingereza. Niliitaka nafasi ile. Kwa miaka sita hakuna ubao ulioingia pale bila mimi kuupima unyevu.

"Wifi, mbao mbichi zikija, nani anazirudisha?" Endah akauliza.

"Mimi."

"Na Pak Sugeng akitaka zipite?"

"Hazipiti."

"Sasa hapo unamsaidia nini? Kumbebea kalamu?"

Nilicheka kwa aibu. Kwetu mtu hasemi kazi ni yake. Hata fundi mkuu husema anasaidia-saidia tu. Nikajaribu kuyapamba maelezo yangu, nikaokota maneno mazito mtandaoni. Endah akasema hata meneja wake hakuongea hivyo. Wageni wa hotelini walieleza kazi zao kama mtu anavyoagiza chai. Tukafuta mpaka zikabaki sentensi mbili. Nilizirudia nikikuna nazi, nikazirudia nikianika nguo.

Alhamisi Pak Sugeng aliketi ubavuni mwa mgeni. Zamu yangu ilipofika, kabla sijafungua mdomo, akatabasamu na kumwambia mgeni kwamba huyu ni binti mzuri, anamsaidia sana. Hakuwa na nia mbaya. Ningeitikia tu, yangeisha.

"Mbao zote ninazikagua mimi," nilisema kwa Kiingereza. "Zisizokauka ninazirudisha."

Mgeni akauliza mara ya mwisho ilikuwa lini. Nikasema Jumatatu, mbao arobaini za msaji. Akamgeukia Pak Sugeng.

"Ni kweli," akasema taratibu. "Na mimi nilikuwa nimeshazipitisha."

Mgeni akafunga daftari, akaomba nimwonyeshe mahali nitakapokagulia samani zake. Tukasimama. Mlangoni siku zote Pak Sugeng hutangulia. Niliinamisha kichwa kumwomba njia, nikapita mbele.