Sabufa Iliyokalia Kiti Changu

Usiku wa jana niliota ni Jumatatu ya Pasaka tena, siku ile ile mke wangu alipofariki na kila kitu changu kikaharibika. Mvua ya Tukuyu ilikuwa inanyesha kama kawaida yake, haina haraka, na mimi niko sebuleni kwangu mchana kweupe, nafunga sabufa.

Niwaeleze kwanza habari ya sabufa, maana hiyo si ya ndoto. Mke wangu, Mama Tusa, aliimba besi kwenye kwaya. Ndiyo, mwanamke. Sauti yake ilikuwa nzito tangu usichana, na wanaume wa besi walipohamia mjini kutafuta maisha, mwalimu wa kwaya akamsimamisha mstari wa nyuma pamoja na wazee wawili waliobaki. Kwenye kaseti yao kuna Amina ya mwisho. Wote wanaiachia, yeye peke yake anaendelea kuishikilia, chini kabisa.

Lakini redio yangu ina spika mbili ndogo, zile za kukaa kabatini. Ikifika pale kwenye Amina, wote wananyamaza, na yeye hasikiki. Unasikia mtu mmoja anakohoa, basi. Tangu nimzike nimesikiliza kikohozi hicho mpaka nakijua. Fundi Asangwile akaniambia mama yumo kwenye kaseti, ila spika ndogo hazina kifua cha kumbeba, niongeze sabufa, spika kubwa ya kubeba besi peke yake. Ndiyo maana nikaitafuta. Nilitaka kumsikia anamalizia. Sikuwa na jambo lingine.

Sasa katika ndoto nachomeka waya. Spika ya kushoto inaniambia, shikamoo Baba Tusa. Naitikia marahaba. Ya kulia haisalimii. Ndivyo ilivyo tangu nimeinunua.

Ile ya kushoto inajitetea kwamba wao si wavivu. Wanabeba soprano, wanabeba alto, wanabeba taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Mama naye walijaribu kumbeba, wakafumuka mishono. "Mpeleke kwa mkubwa," inasema.

Mkubwa ni sabufa. Nageuka, nakuta imekalia kiti changu, kile chenye mto. Ni sanduku jeusi, halina uso, lina tundu moja tumboni la kupumulia. Inakunywa chai yangu kwa tundu hilo.

Naiomba inipishe. Inasema kwa sauti ya chini sana, mpaka meno yangu yanacheza, "Utaratibu ni huu. Mimi nakaa pale unapokaa wewe. Wewe unatambaa chini unasikiliza. Ukifika mahali besi inaposikika vizuri, hapo ndipo pa kuniweka."

Fundi Asangwile naye aliniambia hivyo hivyo, kwamba mafundi wanatambaa namna hiyo ili kupata mahali pake. Nilidhani ananitania. Katika ndoto sikubishana. Wao wakae, sisi tutambae, tumezoea.

Natambaa. Chini ya meza nawasikia wale wazee wawili, besi yao nzito kama ugali wa jana. Mlangoni hakuna kitu, sauti imekufa kabisa, ukirudi nyuma goti moja inafufuka. Kwenye kona imezidi, inabwata kama mlevi aliyenyimwa pombe. Mama Tusa hayuko popote. Naendelea. Saruji chini ya viganja vyangu inakuwa lami, na naona niko kwenye kizuizi cha barabarani.

Kuna foleni ya sauti. Askari wa pale ana kirungu cha redio mahali pa kichwa, kile cha kuzungusha, na anapotaka kukutazama anazunguka mpaka alama yake nyeupe ikuelekee. Anatangaza kwamba mpaka wa sauti nyembamba na sauti nzito uko kwenye namba themanini. Walio juu ya themanini warudi kwa spika ndogo, walio chini wapite kwa mkubwa. Filimbi inarudishwa, inalia. Kayamba linarudishwa, linasema litakata rufaa. Ngoma inapita, imejitwika godoro.

Namuuliza habari za mke wangu.

"Namba yake?" anasema.

"Subilaga."

"Hilo ni jina."

"Hakuwa na namba. Alikuwa na jina na mume."

Ngoma inageuka na godoro lake. Inaniambia mzee, huyo mama mbona alifika hapa siku nyingi, alikuwa amekaa pale kwenye benchi. Askari anakubali, kwa shingo upande. Anaeleza kwamba sauti ya chini namna ile haitembei kwa miguu, ni nzito mno, lazima ibebwe na gari la wagonjwa. Na gari halipo. Limebeba viti.

Hapo nikajua ndoto hii haina uongo, maana hata nikiwa macho mambo yalikuwa hivyo hivyo. Jumatatu ile tulipiga simu hospitali, wakatujibu gari limekwenda kubeba viti vya sherehe ya mheshimiwa mmoja, likishusha litakuja. Tungoje. Tukangoja. Mama Tusa alikata roho kwenye mkeka, ameelekea mlangoni. Viti vilifika salama.

Natazama benchi. Hakuna mtu. Nikiinua macho, kizuizi kimekuwa kanisa na bado niko kwa magoti. Kwaya imesimama inaimba, midomo inachanua, lakini hakuna kinachotoka. Mbele wanatoa pumzi, nyuma wale wazee wanavuta, na sauti inafia katikati yao. Mwalimu wa kwaya haachi kupunga mikono. Ananiambia tu kwamba mkubwa anavuta wakati wao wanasukuma, kwa hiyo wanauana. Mgongoni kwa huyo mkubwa kuna swichi ya pande mbili. Nikaigeuze.

Narudi sebuleni kwa kutambaa. Sabufa imemaliza chai. Naiomba igeuke kidogo.

"Mkubwa hageuzi mgongo mbele ya raia," inasema. "Na nani kakwambia nina mgongo?"

"Kwaya."

"Kwaya haina mamlaka."

Nimejibiwa hivyo kila dirisha nililokwenda kuuliza habari ya gari. Nikapitisha mkono kati yake na kiti changu. Nyuma kulikuwa na baridi kama ya ile meza ya chumba cha maiti waliyomlaza Mama Tusa. Nikaipapasa swichi, nikaisukuma upande wa pili.

Nyumba ikanyamaza. Halafu wakaanza Amina, wote pamoja, soprano, alto, tenor, wazee. Wakafika mwisho. Wakaiachia. Yule mtu akakohoa.

Naye akaingia.

Aliingilia miguuni. Akapanda magotini, akakaa tumboni, akakaa kifuani. Ni yeye, na ule mkwaruzo wake mdogo, kama mtu anaburuta kinu kukiingiza ndani mvua isikikute. Nikamtafuta. Nikatazama kwenye kiti, kwenye kona, chini ya meza. Nikafungua kabati, nikakuta sahani.

Sabufa, ambayo sasa ilikuwa na adabu, ikaniambia, "Usijisumbue, Baba Tusa. Chini ya themanini hakuna upande. Utamsikia, ila hutajua anatokea wapi."

"Mama Tusa," nikasema, "uko wapi?"

Hakukata sauti yake. Alinijibu humo humo ndani yake, kama alivyokuwa akinisema huku anasonga ugali.

"Nipo. Gari limefika?"

"Bado."

"Wanasemaje?"

"Linabeba viti."

"Basi nashikilia," akasema. "Likija, likute sijakata."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, mvua ile ile, na mtu anabisha hodi. Ni Mama Gwakisa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, amejifunika khanga kichwani.

"Ndaga, Baba Tusa," akanisalimu kwa Kinyakyusa. "Sikatai, redio ni yako, na msiba tunaujua. Ila hiyo besi ipunguze. Vikombe vyangu vinatembea kabatini tangu alfajiri, kimoja kimeshashuka."

Nikamwambia sijawasha kitu. Akanitazama kama watu wanavyomtazama mgane siku hizi. Nikamwonyesha boksi la sabufa, liko pale pale mlangoni alipolitua Fundi Asangwile, gundi ya karatasi haijabanduliwa, waya wake umo ndani umefungwa.

Mama Gwakisa akainama, akaweka kiganja juu ya boksi. Aliambiwa na mtu yeyote ndoto yangu? Hakuambiwa. Akakaa na kiganja pale, kisha akakitoa polepole, akajifunika khanga vizuri.

"Mbona huyu hapumziki?" akaniuliza.

Ameondoka. Mimi nimekaa chini, kiti nimekiacha. Boksi linatetemeka, halipandi, halishuki, sauti moja tu. Wao wa hospitali wana simu, mheshimiwa ana simu, na viti wanavyo mpaka leo. Nawauliza, maana mimi siwezi: nani atakwenda kumwambia Mama Tusa kwamba gari lile haliji?